Mjadala: Magari mapya ya Kifaransa yamepoteza sura?

Mleta mada

Wakuu, nimekulia ndani ya Peugeot 504. Baba aliendesha ile ya safu tatu za viti kati ya Nairobi na Nakuru, na abiria walikuwa wakisema "napanda Peugeot", si matatu. Nikiwa darasa la tatu niliitambua ikiwa mbali, rangi bado haijaonekana: taa za mbele zimelegea pembeni kama macho ya mtu aliyetoka usingizini. Ile ya saluni ungeijua hata kwa nyuma, buti lake lilikunjika katikati likashuka kama mteremko.

Mwezi uliopita nilizunguka yadi moja yenye magari mapya kutoka Ulaya. Ilibidi nisogee mpaka nisome nembo ndipo nijue lipi ni la Kifaransa. Niliumia, nasema kweli.

Zamani umbo lilizaliwa na shida ya mtu. Citroën 2CV ya 1948 ilikusudiwa mkulima avuke shamba lililolimwa na kapu la mayai bila kuvunjika hata moja. Citroën DS ya 1955 ilijiinua kwa springi za mafuta na gesi, na kuanzia 1967 jozi ya ndani ya taa zake za mbele iligeuka pamoja na usukani ikamulika kona kabla hujaingia. Leo Peugeot 208, Opel Corsa na Jeep Avenger zinatumia shasi ya familia moja, kwa kuwa tangu 2021 kampuni hizo ziko chini ya mwavuli mmoja, Stellantis. Mchoraji kaachiwa taa tu, ndiyo maana Peugeot zote zina makucha ya simba usoni. Mimi naona ni wanja kwenye uso wa kuazima.

Fundi wa Changamwe

Kaka, wachoraji unawaonea. Sheria za Ulaya za kumlinda mtembea kwa miguu zinataka nafasi kati ya boneti na injini, akigongwa kichwa kisikutane na chuma. Pua nyembamba kama ya DS utaipitisha wapi? Gari la umeme nalo lina betri chini ya sakafu, lazima linenepe.

Halafu tuseme ukweli kuhusu wanunuzi. Renault walithubutu na Avantime, milango miwili mirefu, paa la kioo. Ilitoka 2001, ikafa 2003, hazikufika hata 9,000. Wote walioisifu walikwenda kununua kitu kingine. Na hiyo shasi ya kuazima mnayoilaani, mimi inanilisha: bushi moja inaingia magari matano, mteja hangoji spea wiki tatu.

Dada wa Lyon

Mimi naishi huku, naziona kila asubuhi. Jamani, Renault 5 ya umeme hamjaiona? Imetoka 2024, ikachukua Gari la Mwaka la Ulaya 2025. Kwenye boneti, pale Renault 5 ya kwanza, yule mzee wa 1972, alipokuwa na tundu la hewa, wameweka taa yenye namba 5 inayoonyesha chaji imefika wapi. Watoto wa jirani yangu hukimbilia kuitazama ikichajiwa. Gari lililopooza halikimbiliwi na watoto.

Mleta mada

Dada, hiyo 5 naipenda, na taa ya chaji ni kazi ya akili. Lakini ni sura ya babu imerudi. Nauliza ya leo iko wapi, ambayo mwaka 2070 watu watataka kuifufua?

Fundi, kwa spea umenishinda. Kwa sheria, hapana. Citroën C6 ya 2005 ilikuwa na kioo cha nyuma kilichobonyea kwa ndani, hakuna lingine lililofanana nalo barabarani, na ndiyo ya kwanza kupata nyota zote nne za kulinda watembea kwa miguu katika majaribio ya Euro NCAP, wale wanaopima usalama wa magari Ulaya. Gari likimgonga mtu, boneti inaruka juu yenyewe. Sheria ilikuwepo, wakatafuta njia.

Fundi wa Changamwe

Na hiyo C6 waliuza kama 23,000 tu kwa miaka saba. Wewe mwenyewe kaka, siku ile yadini, ungekuwa na pesa na C6 iko pale kando ya Toyota, ungeondoka na ipi?

Mleta mada

C6. Na ningekuletea wewe uitengeneze.