Kusaidia wakliya kwa mbali, nitumie programu gani?

Jambo wandugu, niko Goma, wakliya wengine wako Bukavu, ordinatere zao zikigoma wananiita, na hii programu ya bure niko nayo inanikatia koneksio kila mara eti natumia kwa biashara. Nifanye je?

— Mukubwa, si ni biashara kweli 😀 Jaribu RustDesk, unaweka seva yako mwenyewe, kwa hiyo seva unafungua porti (milango ya mtandao) TCP 21115 mpaka 21117 na UDP 21116. Kwa mukliya iinstale kabisa, juu ukiifungua tu hivi hivi, Windows ikiomba ruhusa ya administrata unabaki kuangalia tu, hauwezi kubonyeza.

— Weka na neno la siri la kudumu, mukliya akiwa hayuko utaingia. Ila porti 3389, ile ya Remote Desktop ya Windows, usiiachie wazi kwa intaneti, wezi wanaitafuta hiyo.