Naomba ushauri: kuweka vipimo vya presha ya mama kwenye simu

Habari zenu wakuu. Mama yangu ana miaka 63, yuko Korogwe, mimi niko Dar. Ana presha, anameza amlodipini kila siku. Nilimnunulia mashine ya kupimia, ile inayofungwa juu ya kiwiko, na jirani humsaidia kuandika kwenye daftari. Mwezi uliopita daftari lililowa mvua, vipimo vya wiki sita vikapotea. Daktari akabaki na kipimo kimoja tu cha siku ile, 168/96, na mama alikuwa ndiyo kwanza ametoka kupanda ngazi! Akaongezewa dozi. Inaniuma, maana nyumbani alikuwa anacheza kwenye 132/82 hivi.

Nataka vipimo viingie kwenye simu, nivione nikiwa huku, na daktari aone wastani wa asubuhi na jioni. Nyumbani presha huhesabiwa iko juu kuanzia 135/85, kliniki 140/90.

Mliojaribu, ni programu gani ya Kiswahili inafanya kazi hata bando likiisha? Daktari wenu alikubali kuangalia simu, au mliprinti? Na siri za mgonjwa mnazilindaje? Simu ya mama hushikwa na wajukuu wote.