Wikendi ya Jabal Akhdar na watoto: tutafika na gari dogo?

Assalamu alaikum ndugu zangu,

Tumehamia Maskati tangu Januari, kutoka Mombasa. Ijumaa na Jumamosi ya mwisho wa Aprili twataka kuwapeleka watoto kwenye milima ya Jabal Akhdar. Wako watatu, mkubwa ana miaka 9, kitinda mimba 2. Gari letu ni dogo la kawaida. Litapanda? Na baridi iko kweli?

Mama Yusra

---

Waalaikumu salaam mdogo wangu, karibuni Omani.

Gari lenu halitapita. Pale Birkat al Mawz, kabla ya mpando, kuna kizuizi cha polisi, na lisilo 4x4 halivuki, ingawa barabara ni lami hadi juu. Sisi mara ya kwanza tulikodi gari la kuinuka juu kama 4x4, mwenye kukodisha akatuapia kuwa linapanda. Askari alilitazama, akaturudisha kwa adabu. Watoto walilia mpaka Nizwa. Magari mengi yana umbo hilo na yanavutwa na magurudumu mawili tu, basi hakikisheni kabla ya kutoa riyali zenu. Leseni na mulkiya (kadi ya usajili wa gari) viwe karibu.

Kupanda si kazi. Mwambie mumeo ajihadhari na kushuka. Asikanyage breki njia nzima, zitashika moto na kuacha kufanya kazi. Atie gia ndogo tangu juu, injini imzuilie gari. Ataona vinjia vya kokoto vimechepuka kupanda kando ya barabara. Vimewekwa kwa ajili ya gari lililokatikiwa na breki. Avijue mapema.

Baridi iko. Saiq, kule juu mlimani, ni kama mita 2,000 juu ya bahari. Aprili mchana ni raha tupu, lakini jua likizama mtataka masweta, na huyo wa miaka 2 mvisheni soksi.

Mwezi mmeupatia, maana ndio msimu wa mawaridi. Laleni huko huko, mwende kijiji cha al-Aqr alfajiri, kwa kuwa maua huchumwa kabla jua halijakolea. Kisha ombeni kuoneshwa yanavyopikwa: maua huingia chunguni juu ya jiko la udongo, mvuke ukigusa chombo cha maji baridi unadondoka marashi. Yale ya kuni yana harufu ya moshi kwa mbali, nami nayapenda kuliko yote. Nilimpelekea mama Unguja chupa mbili. Moja aliitia kwenye mrashi siku ya maulidi, ya pili ameificha kabatini hadi leo.

Bi Zuhura, Seeb

---

Naongeza machache, Mama Yusra. Ijumaa tokeni baada ya alfajiri mkawahi mnada wa mbuzi Nizwa. Wanazungushwa duarani huku watu wanapandishiana bei, watoto watafurahi mno. Mkikaa nyumba ya kupanga, maharage chemsheni kabisa Maskati. Kule juu maji huchemka kabla hayajawa moto wa kutosha, na maharage yetu yalikaa jikoni muda wa saa tatu yakiwa bado magumu. Njiani wapeni watoto kitu cha kutafuna, masikio huziba.

Baba Idrisi

---

Mungu awajaze kheri. Shemeji yangu wa Sohar ana 4x4, amekubali tubadilishane magari siku hizo mbili. Bi Zuhura, marashi huuzwa pale pale wanapopika, au nitafute dukani Nizwa?

Mama Yusra

---

Pale pale, mwanangu. Nenda na chupa zako za glasi.