Go: kupokea faili kubwa kwa ParseMultipartForm au MultipartReader?

kete_ya_bao: Wakuu, naandika seva kwa lugha ya Go. ParseMultipartForm husoma fomu yote kwa mkupuo, MultipartReader husoma sehemu moja moja. Fomu ina sehemu mbili za maandishi na video isiyozidi MB 500. Seva ina RAM ya GB 1. Ipi inafaa?

msumari: ParseMultipartForm(32 << 20) ndiyo nyepesi kuandika. Ila hiyo MB 32 si kikomo cha faili, hapo ndipo wengi wanapoteleza. Ni kiasi cha faili kinachobaki kwenye RAM. Faili isiyoenea humo inaandikwa kwenye faili ya muda ndani ya /tmp. Mtu akituma GB 20, diski inajaa. Na kama /tmp ni tmpfs (folda inayokaa ndani ya RAM), RAM inaliwa vilevile. Funga mlango kwanza kwa kuweka kikomo cha bodi (data yote inayotumwa na ombi):

`r.Body = http.MaxBytesReader(w, r.Body, 510<<20)`

Ikivuka, kamata `*http.MaxBytesError` kwa errors.As (Go 1.19 kwenda mbele), urudishe 413 (jibu la HTTP la kusema bodi ni kubwa mno).

dau_la_mchana: Kwa video ya MB 500, MultipartReader bila kusita. Zungusha NextPart hadi io.EOF, faili uipitishe kwa io.Copy moja kwa moja hadi inakokwenda. Bafa yake (nafasi ya muda kwenye RAM) ni KB 32 tu. MaxBytesReader bado inahitajika, na kila sehemu ya maandishi izungushie io.LimitReader, maana huku hakuna anayekuwekea kikomo. Sehemu zinakuja kwa mpangilio wa fomu, kwa hiyo kwenye HTML maandishi yatangulie video.

msumari: Sawa kwa video. Picha za MB 2 sioni sababu ya kujitesa: kwa ParseMultipartForm, ukishasoma baiti 512 kwa ajili ya DetectContentType (kutambua aina ya faili), unarudi mwanzo kwa Seek. Kwenye MultipartReader lazima uziunganishe tena kwa io.MultiReader, la sivyo faili inahifadhiwa bila baiti zake za mwanzo.

kete_ya_bao: Nimejaribu MultipartReader, inagoma: "http: multipart handled by ParseMultipartForm". Mbona hiyo ParseMultipartForm sijaiita popote?

dau_la_mchana: Tafuta r.FormValue kwenye kodi inayotangulia hendla (funksheni inayojibu ombi), hasa ya kukagua tokeni ya CSRF (ya kuzuia tovuti nyingine kutuma fomu kwa jina la mtumiaji). Inaita ParseMultipartForm kimyakimya na kumaliza bodi yote. Tokeni ihamishie kwenye heda.

msumari: Wanaobaki na ParseMultipartForm: seva hufuta faili za muda yenyewe hendla ikimaliza, lakini r.WithContext ikinakili ombi kabla ya fomu kusomwa, hazifutwi. Weka `defer r.MultipartForm.RemoveAll()`.

tanga_mbili: Mbele ya seva yako ya Go kuna nginx (seva inayopokea maombi na kuyapitisha)? client_max_body_size ni 1m isipobadilishwa, 413 itatokea huko kabla Go haijaona kitu. Na bila `proxy_request_buffering off`, nginx inapokea video yote kwanza ndipo ikupe.