Kupikia ukweni chakula cha kigeni: paella, risotto, au kitu kingine?

Mgeni Njiani:
Habari zenu wapishi. Mwisho wa mwezi nakwenda kukaa siku nne kwa wakwe, na nimeahidi kuwapikia mlo mmoja wa nchi za nje. Tutakuwa watu 12, wakiwemo watoto watatu na mzee mmoja asiyekula pilipili. Nafikiria paella ya Hispania (wali wa kupikwa kwenye kikaango kipana) au risotto ya Italia (wali mzito wa kukorogwa). Jiko lao silijui vizuri. Oveni ipo, ila sina hakika kama inafanya kazi. Nichague kipi, nibebe nini, na watu huharibu wapi?

Mwiko wa Mti:
Karibu. Safari hii ziache zote mbili. Risotto haimsubiri mtu: ikitoka motoni inaanza kushikana, na dakika kumi baadaye ni bumba zito. Wenzako watakuwa mezani, wewe bado unakoroga. Paella nayo inataka kikaango kipana na mchele uliotandazwa kwa wembamba. Kikaango cha watu 12 kinalizidi mbali jicho la jiko la nyumbani, kwa hiyo katikati kunaungua huku wa pembeni bado una kiini.

Pika lasagna, yaani tambi bapa zinazopangwa kwa tabaka na rojo la nyama na sosi nyeupe, kisha zinaokwa. Kazi yote ngumu inaisha siku moja kabla, na ikilala inakatika vizuri zaidi. Kwa trei ya sentimita 33 kwa 23, vipande 12:

Rojo la nyama: kilo 1 ya nyama ya ng'ombe ya kusaga, vitunguu 2, karoti 2, mabua 2 ya figili ya majani (celery; ukiikosa, ruka), nyanya za kopo gramu 800, maziwa mililita 250. Kaanga nyama kwa mafungu mawili. Ukiimwaga yote kwa pamoja inatoa maji na kuchemka badala ya kupata rangi. Kisha viungo vyote pamoja, moto mdogo, saa mbili. Chumvi weka mwishoni, kwa sababu maji yakipungua chumvi inabaki palepale. Rojo liko tayari ukiburuta mwiko chini ya sufuria na njia ikabaki wazi kidogo kabla ya kujifunga.

Sosi nyeupe: siagi gramu 80, unga wa ngano gramu 80, maziwa lita 1. Yeyusha siagi, tia unga, koroga dakika mbili mpaka harufu ya unga mbichi iishe na inukie kama biskuti. Hapo ndipo wengi wanapokimbilia maziwa, na sosi inabaki na ladha ya unga hadi mezani. Maziwa yawe ya uvuguvugu, na yaingie kidogo kidogo. Chovya mwiko, chora mstari kwa kidole mgongoni mwake. Mstari usipofunikwa, epua. Ikiwa na mabonge, pitisha kwenye chujio, usiimwage.

Panga: sosi kidogo chini, tambi bapa, rojo, sosi, jibini, rudia mara nne, na juu kabisa sosi ifike hadi kwenye kingo. Kona ya tambi iliyobaki wazi inakauka na kuwa ngumu kama gamba. Oka nyuzi 180, dakika 25 ikiwa imefunikwa kwa foili na 20 bila foili. Ikitoka kwenye friji, ongeza dakika 15 kwenye hizo za mwanzo. Kisha iache itulie dakika 20 kabla ya kisu. Nawasihi, msiiruke hii: lasagna ikikatwa moto moto inamwagika kama supu.

Sufuria Nzito:
Nakubaliana na Mwiko. Ila piga simu kwanza uulize kuhusu oveni, na trei ipimwe kama inaingia. Kama oveni haifanyi kazi, pika kari ya kijani ya Thailand. Inapikwa kwenye sufuria, bila oveni. Kwa watu 12: makopo 3 ya tui (mililita 400 kila moja), gramu 150 za kiungo cha kari kilichosagwa kuwa rojo zito (si unga), kilo 1.5 ya mapaja ya kuku yasiyo na mfupa, na kilo 1 ya mchele pembeni.

Usimimine tui lote. Chukua ule uzito wa juu, uuchemshe hadi mafuta yajitenge, kisha kaanga kiungo humo dakika tano. Tui la kopo mara nyingi limetiwa kitu cha kuzuia mafuta yasijitenge, kwa hiyo halitengani. Hapo ongeza vijiko viwili vya mafuta. Kwa watoto na mzee usitegemee kupunguza ukali mwishoni kwa sukari, haitoshi. Watengee kuku na tui kwenye sufuria ndogo kabla kiungo hakijaingia.

Wali uliobaki uingie kwenye friji ndani ya saa moja. Kuna bakteria ambao mbegu zao haziuawi na kuchemsha, na wali ukikaa vuguvugu huzaliana na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi.

Kapu la Safari:
Kuhusu kubeba: kama unavuka mpaka, nyama na maziwa nunua huko huko. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, kwa kawaida hauruhusu abiria kuviingiza kutoka nje, na Marekani lazima utangaze kila chakula. Kama unapanda ndege, sosi za chupa ziende kwenye begi linalopakiwa chini, kwa sababu mkononi viwanja vingi vya ndege bado vinaruhusu mililita 100 tu kwa chupa. Beba vile ambavyo huenda usivipate: tambi bapa, kungumanga nzima, mizani ndogo, na kisu chako.

Uliza pia nani hali nini. Kiungo cha kari ya Thailand mara nyingi kina kamba wa baharini, sosi ya soya kwa kawaida ina ngano, na Parmesan halisi, jibini gumu la Italia, hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama, kwa hiyo asiyekula nyama anaweza kuikataa. Mapishi mengi ya rojo yana divai. Hayo maziwa ya Mwiko yanatosha badala yake.

Mgeni Njiani:
Nimeuliza, oveni ipo sawa, lasagna basi. Rojo likilala kwenye friji lifunikwe?

Mwiko wa Mti:
Ligawe kwenye vyombo vipana, kina kisizidi sentimita 5, lipoe wazi, na ndani ya saa mbili liwe kwenye friji. Likishapoa kabisa ndipo ufunike. Ukifunika likiwa moto, mvuke unarudi kuwa maji juu yake, na ni maji yale yale uliyokesha ukiyakausha.