Naulizwa kitambulisho cha babu: uraia wangu unatoka wapi?

MjukuuWaKeya
Asalaam aleikum wakubwa. Mimi ni Mnubi, nimezaliwa Kibra hapa Nairobi, baba kazaliwa Kibra, babu vilevile. Baba yake babu alikuwa askari wa Keya, yaani KAR, jeshi la Waingereza la wakati wa ukoloni. Waingereza ndio waliowatoa wazee wetu Sudan kwa kazi ya jeshi, wakawaweka kwenye msitu ule. Kibra kwa Kinubi ni msitu.

Jumatatu nilipanga foleni tangu alfajiri kutafuta kitambulisho. Wenzangu wa kidato cha nne walijaza fomu, wakapigwa alama za vidole, wakaenda zao. Mimi nikaambiwa ningoje siku ya wazee nipigwe msasa, yaani nihojiwe kama kweli mimi ni Mkenya, tena nije na kitambulisho cha babu. Babu alifariki nikiwa darasa la tatu.

Sikuja kulilia karatasi. Mipaka ya Kenya ilichorwa na Waingereza, serikali yetu ikairithi 1963 vilevile ilivyokuwa. Mbona askari aliyeletwa na Waingereza hao hao aonekane mgeni hadi kwa kitukuu? Na nisipopiga kura kwa kukosa kitambulisho, atakayechaguliwa atanitawala kwa idhini ya nani?

Karani Mstaafu
Mwanangu, Katiba ya 2010 iko upande wako. Kifungu cha 14: ukizaliwa na mzazi mmoja raia, wewe ni raia. Hakitaji kabila wala babu. Mwaka 2011 kamati ya Afrika ya haki za watoto iliamua kwamba Kenya imewakosea watoto wa Kinubi kwa jambo hili hili. Rudi na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mama. Wakikukatalia, omba sababu kwa maandishi; kifungu cha 47 kinakupa haki hiyo.

Mpwani wa Kwale
Pole ndugu yangu. Huku kwetu Wamakonde waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa. Oktoba 2016 wakafunga safari kwa miguu hadi Nairobi kudai vitambulisho, na 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Siku ile nililia kwa furaha. Ila tangu hapo jambo moja linanikereketa: kwa nini mtu awe kabila kwanza ndipo awe Mkenya? Bibi yangu hadi leo kitambulisho anakiita kipande. Kipande chenyewe, miaka ya 1920, Mwafrika mwanamume alikining'iniza shingoni ndani ya kikopo cha chuma, kimeandikwa kabila lake, mwajiri wake na mshahara wake, ili akitoroka shamba la mzungu akamatwe. Kikopo tumekitupa. Swali la kabila tumelibakisha.

Wa Mpakani
Mimi pia nilipigwa msasa, najua uchungu wake. Lakini sisi tunaoishi karibu na mpaka tumezika watu waliouawa na wavamizi kutoka ng'ambo. Serikali isipouliza nani ni nani, itatulinda vipi?

MjukuuWaKeya
@Wa Mpakani, Mungu awarehemu mliowazika. Sikatai kuulizwa. Ninachokataa ni kuulizwa peke yangu: jirani yangu wa mlango wa pili, tuliyezaliwa mwaka mmoja, hakuulizwa habari za babu yake. Tuulizwe sote swali moja, nitalijibu wa kwanza.

Mzee Karani, asante sana. Cheti ninacho, na mama amekubali tufuatane Jumatatu. Hiyo sababu ya maandishi nimwombe karani wa dirishani, au nipeleke barua kwa mkubwa wake?