AC ya dirishani na ekstensheni ya TV: gumzo la Majirani wa Mwembeni

Mama Aisha: Jamani habari za mchana. Nimeletewa AC ya dirishani kutoka Dubai, BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza). Kijana wa kuifunga anasema aichomeke kwenye ekstensheni ya TV, ndiyo iliyo karibu na dirisha. Fundi Saidi upo?

Fundi Saidi: Nipo mama Aisha. Asiichomeke hapo. Piga picha kibandiko cha ubavuni tuone volti, hezi na ampea.

Mama Aisha: 📷 Imeandikwa 220-240V, 50Hz, 1250W, 5.6A

Fundi Saidi: Sawa, umeme wake ni huu wetu. Mashine haina shida. Shida ni njia ya kuifikia.

Kelvin: Fundi, ampea 5.6 tu? Pasi inakula zaidi ya hapo na tunaichomeka popote. Na ekstensheni imeandikwa 13A.

Fundi Saidi: Kelvin, pasi inapumzika kila ikifikisha joto lake, na ukimaliza shati unachomoa. AC inakaa hapo usiku kucha. Na hiyo 13A imeandikwa kwenye plagi, haisemi habari ya waya. Ekstensheni nyingi za bei ya chini ndani zina waya wa 0.75 (unene wa shaba kwa milimita za mraba), mwisho wake ampea 6 ukiwa umenyooshwa. Ukiuviringisha nyuma ya kabati ya TV, joto halina pa kutokea, plastiki inaanza kulainika.

Fundi Saidi: Halafu 5.6 ni ikishashika mwendo. Kompresa ikianza huvuta mara nne hadi sita ya hapo kwa muda mfupi sana. Waya mwembamba unaangusha volti wakati huohuo ambao kompresa inazihitaji.

Baba Joshua (friji na AC): Hapo ndipo kompresa nyingi zinapofia. Volti zikishuka kwenye 180 hivi, unasikia inaguna mmmm, kisha tak! Ovalodi, ile swichi ya ulinzi ya kompresa, imekata. Inapoa, inajaribu tena, tena inakata. Ikicheza mchezo huo mpaka asubuhi, waya za ndani ya kompresa zinaungua.

Zuhura: Sasa breka inafanya kazi gani? Si ikate?

Fundi Saidi: Swali zuri dada Zuhura. Breka inaona ampea zinazopita, basi. Soketi iliyolegea haiongezi ampea, kwa hiyo breka haina habari nayo. Chukua skurubu ya ndani ya soketi imelegea ikaleta kizuizi cha ohm moja tu. 5.6 × 5.6 × 1 = wati 31. Ni joto la kile chuma cha fundi redio cha kuyeyushia risasi, na liko ndani ya soketi yako ukutani, wakati breka inaona 5.6 na kuridhika.

Kelvin: 😳

Fundi Saidi: Kwa hiyo anayetumia AC ya plagi aikague hivi. Iache iende nusu saa, izime, chomoa, shika pini. Uvuguvugu ni kawaida. Ikiwa huwezi kuishikilia, kuna kiungo kibovu. Ukiitazama soketi kwa mbele, tundu la chini kulia ndilo la laivu, waya unaoleta umeme; likianza kuwa la kahawia, soketi hiyo ibadilishwe, usisugue na msasa. Na mkisikia harufu kama ya samaki chumbani na hakuna aliyepika samaki, zimeni mein swichi kwanza ndipo mtafute. Plastiki za soketi zikiungua hunuka hivyo.

Mzee Mponda: Kwetu fundi aliweka breka ya ampea 32 maana ile ya 20 ilikuwa inakata kila mara. Tangu hapo shwari.

Fundi Saidi: Shikamoo mzee wangu. Waya wa ukutani ulibadilishwa?

Mzee Mponda: Marahaba. Hapana, breka tu.

Fundi Saidi: Basi irudishwe mzee. Breka ipo kulinda waya. Waya wa 2.5 ndani ya paipu unabeba kama ampea 24 hewa ikiwa nyuzi 30, lakini darini kwetu chini ya bati mchana hufika 50 kwa urahisi, na hapo waya huohuo haubebi zaidi ya 17 hivi. Ukiweka breka ya 32, waya ndio utakaotangulia kuungua. Kama ile ya 20 ilikata kila mara, ilikuwa na sababu: laini moja imebebeshwa jiko na pasi pamoja na AC, au kuna hitilafu.

Mzee Mponda: Nimekuelewa. Ukipata nafasi upite.

Mama Aisha: Sasa mimi ninunue nini?

Fundi Saidi: Laini ya peke yake kutoka boksi la breka mpaka dirishani, isiguswe na kifaa kingine. Waya wa 2.5 wa shaba: laivu, nyutro (unaorudisha umeme) na ethi (unaopeleka umeme unaovuja ardhini). Pima umbali kwa kufuata ukuta, ongeza mita mbili. Breka C16, yaani ya ampea 16. C ni kwa sababu inavumilia mshtuko wa mota ikianza. Mwishoni swichi ya AC ya ampea 20, ile yenye taa inayokata laivu na nyutro kwa pamoja. Plagi ya kiwandani ukitaka kuibakiza, weka soketi moja ya 13A iliyo nzito, na fyuzi ya plagi iwe 13. Msinifungie karatasi ya silva ya sigara pale kwenye fyuzi, nawajua.

Kelvin: 😂😂 fundi umetuchungulia

Fundi Saidi: Waya ukikwangua ukaona rangi ya fedha ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Rudisha dukani.

Baba Joshua (friji na AC): Wenye BTU 24,000 wasifuate vipimo hivi. Ile inakula karibu ampea 12 muda wote, plagi ya 13 haimudu saa nyingi. Waya wa 4, breka 25, na ifungwe moja kwa moja kwenye swichi yake.

Zuhura: Yetu ukigusa bodi yake ya chuma ukiwa miguu mitupu inachapa kidogo. Ni kawaida ya AC?

Fundi Saidi: Si kawaida hata kidogo! Izime sasa hivi na isiwashwe. Ethi haifiki, na kuna umeme unavuja.

Fundi Saidi: Na msiseme breka itakata. Fimbo ya ethi iliyopigwa kwenye mchanga ikiwa na ohm 20, umeme unaovuja ni 230 ÷ 20 = ampea 11.5. Breka ya 16 haikati milele kwa hizo, bodi inabaki na umeme. Kinachokuokoa ni ile breka pana yenye kitufe cha T, ya miliampea 30. Ibonyeze T kila baada ya miezi mitatu, isipokata, imekufa. Dada Zuhura, kwenu ipo?

Zuhura: Naona vibreka vyembamba tu.

Fundi Saidi: Basi kwenu ndiyo kazi ya kwanza, kabla ya kwa mama Aisha.

Kelvin: Friji gadi je? Tunayo moja ya akiba.

Baba Joshua (friji na AC): Nyingi ni za ampea 5, itaungua. Tafuta ya AC, ampea 16 au zaidi, yenye kuchelewesha angalau dakika tatu umeme ukirudi. Gesi ndani ya kompresa inahitaji dakika hizo ili presha ilingane pande zote mbili. Ukizima kwa rimoti na kuwasha papo hapo, inaanza ikiwa imekabwa. Na anayetumiwa AC kutoka Marekani asome kibandiko: 115V 60Hz. Hata ukiwa na transfoma, hapa ni hezi 50. Mota itazunguka polepole kwa sehemu moja ya sita na itachemka.

Mzee Mponda: Uniti za LUKU je?

Baba Joshua (friji na AC): Hiyo ya wati 1250, usiku wa saa 8, kompresa ikipumzika theluthi ya muda, ni kama uniti 7. Kichujio kikijaa vumbi haipumziki. Kioshe kila wiki mbili, maji tu.

Baba Joshua (friji na AC): Mama Aisha, kijana akiifunga, upande wa nje uwe chini kidogo, kama sentimita moja na nusu. Ikiinamia ndani, maji yanateremka ukutani mpaka kwenye soketi. Na ilisafirishwa imesimama?

Mama Aisha: Imelala ubavu hapa sebuleni tangu juzi.

Baba Joshua (friji na AC): Isimamishe sasa hivi na isiwashwe mpaka kesho. Mafuta ya kompresa yameingia kwenye mabomba, lazima yarudi chini.

Fundi Saidi: Kesho saa nne napita kwa dada Zuhura, nikitoka hapo nakuja kwako na mita. Boksi la breka lisifunguliwe na huyo kijana.